Maswali ya Kila Mwaka Kuhusu Nyimbo za Krismasi: Zinazopendwa na Zinazokera

Kila ikifika Novemba, korosho ziko mnadani na maembe yameanza kudondoka, maswali hunijia yale yale: mazoezini, sokoni Masasi, kijiweni kwa bodaboda, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Naimba besi kwenye kwaya kwa mwaka wa 17 sasa. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja ili mtu akiniuliza nimwelekeze hapa. Hukumu za kipi kinapendeza na kipi kinaudhi ni zangu, na nitazitetea.

## Ya msingi

1. "Nyimbo za Noeli" na "nyimbo za Krismasi" ni kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Wakatoliki wa Ndanda na Nyangao husema Noeli, Waanglikana wa Masasi na Newala mara nyingi husema Krismasi, na hakuna anayepotea njia kwa sababu hiyo.

Katika ukurasa huu, hata hivyo, nazitenganisha. Wimbo wa Noeli unahusu kuzaliwa kwa Yesu. Wimbo wa msimu unahusu mengine yote: theluji, kengele, Baba Krismasi, mapenzi yaliyovunjika mwezi wa 12. Ubishi mwingi unatokana na kuchanganya hizi mbili. Mmoja anatetea imani yake, mwenzake analalamikia spika ya dukani, na wote wawili wana haki.

2. Wimbo gani unapendwa kuliko zote?

Usiku Mtakatifu. Sijakutana na kanisa huku kwetu, liwe la mjini Mtwara au la nyasi huko ndani Nanyumbu, ambalo watu hawaujui.

Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na Joseph Mohr, padre kijana wa Austria. Tuni ilitungwa na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga kinanda. Waliuimba kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la kijiji cha Oberndorf, karibu na Salzburg, wakisindikizwa na gitaa. Leo unaimbwa kwa mamia ya lugha. Ukiusikiliza vizuri utaona siri yake: una mwendo wa kubembeleza mtoto. Mama yeyote aliyewahi kumbeba mwanawe mgongoni akayumba naye taratibu ili alale, mwili wake tayari unaujua wimbo huu kabla hajafundishwa.

Niseme lililonifanya niuweke wa kwanza. Mwaka mmoja umeme ulikatika katikati ya misa ya mkesha, wakati wa komunyo. Kinanda kikazima, spika zikazima, na sisi wanakwaya tukabaki na nakala za nota ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma gizani. Tulikuwa na wimbo mpya wa kurasa nne tulioufanyia mazoezi tangu Oktoba. Kukawa kimya. Kisha bibi mmoja mstari wa nyuma, upande wa akina mama, akaanzisha Usiku Mtakatifu kwa sauti nyembamba ya kukwaruza. Kufika mstari wa pili kanisa zima lilikuwa linaimba, watu wakipita kupokea wakiwa wameshika simu zenye tochi. Sisi besi tuliingia kwenye ubeti wa pili tu; ule wa kwanza hatukuthubutu kuugusa.

3. Na unaokera kuliko zote?

Si wimbo, ni kifaa. Ni zile taa za rangi za kuwakawaka zenye kisanduku kidogo cha plastiki kinachopiga muziki. Kisanduku hicho kina tuni kadhaa zilizounganishwa bila pumzi, za sauti moja kama ya saa ya mkononi, na zinaishia katikati ili ya kwanza ianze tena. Hakina maneno wala bezi, na dukani hakuna anayekumbuka kukizima. Umeme ukishuka, tuni nayo inashuka, inakuwa kama mtu anayeimba huku anasinzia.

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya mchanganyiko huo, baada ya Jingle Bells, wameuweka na Usiku Mtakatifu. Mtoto anayeusikia pale mara 300 kwa siku ataufikaje kanisani ukiwa bado mpya? Ukinunua taa hizo, tafuta waya wa spika ndani ya kisanduku ukate. Taa zitaendelea kuwaka.

4. Mbona wimbo nilioupenda mwanzo wa Desemba unanikinai kabla ya tarehe 25?

Kuzoea kwanza hujenga mapenzi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi. Lakini mapenzi hayo hayapandi bila kikomo. Yakifika kileleni huanza kushuka, na wimbo rahisi usio na jambo jipya la kusikia hushuka haraka kuliko wenye sauti nne na vipande vingi.

Tofauti kubwa zaidi ni kama umeuchagua au umemwagiwa. Wimbo unaouimba mwenyewe mara 40 mazoezini hauchoshi kama ule unaoupokea mara 40 ukiwa umesimama nyuma ya kaunta. Dada mmoja auzaye vitenge aliniambia kuwa Krismasi ikifika anatamani kimya, si pilau. Tajiri wa duka hufika asubuhi, huwasha flashi, kisha huondoka; dada hubaki na zile nyimbo 12 mpaka jioni. Wenye maduka wangemuuliza muuzaji wao kwanza, nusu ya malalamiko yangekwisha.

5. Tuanze kuzipiga lini, na tuache lini?

Kwaya lazima ianze Oktoba, la sivyo tutaaibika. Hayo ni mazoezi, mlango umefungwa.

Kanisani kuna utaratibu. Kwanza Majilio, Dominika nne za kungoja, ambazo hata Utukufu, ule wimbo wa sifa wa mwanzoni mwa misa, hauimbwi katika misa za Dominika. Noeli yenyewe inaanza jioni ya tarehe 24 na kwa Wakatoliki inaendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Zile siku 12 za Krismasi zinazotajwa kwenye nyimbo za Waingereza ni kuanzia tarehe 25 Desemba hadi 5 Januari. Kwa hiyo duka linanyamaza tarehe 26, wakati kanisa ndiyo kwanza limeanza.

Huku kusini maduka yana kalenda nyingine, nayo ni ya korosho. Malipo yakitoka mapema, muziki unaanza mapema, kwa sababu ndipo mzazi anapobeba watoto wanne kwenda kununua nguo za sikukuu. Malipo yakichelewa, hata spika zinapooza. Simlaumu mfanyabiashara kwa hilo. Ningeomba tu Desemba mosi iwe mwanzo, na Januari mosi isiwe dhambi kuendelea.

## Nyimbo zilizotoka mbali

6. Kwa nini Boney M. hawazeeki?

Hili naulizwa na vijana wanaoshangaa baba zao. "Mary's Boy Child" ya kundi la Boney M. ilitoka mwaka 1978, ikashika namba moja Uingereza, na kwenye mabasi yanayoshuka kutoka Dar es Salaam bado inapigwa kila Desemba kama ya jana. Lakini wimbo si wao. Uliandikwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyefanya kazi kubwa ya kuhifadhi nyimbo za kiroho za watu wake. Harry Belafonte aliurekodi mwaka 1956. Mwanzoni tuni ilikuwa ya kalipso, ya sherehe ya kuzaliwa ya rafiki. Maneno ya Krismasi yalikuja baadaye.

Mimi naona mahali pake kwetu ni pa haki. Mji wa Masasi ulianza kuwa kituo cha misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Waanglikana alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Wimbo wa mjukuu wa watumwa kuimbwa pale, tena kwa mdundo unaomtoa mtu kitini, hauniudhi hata ukirudiwa mara tano. Una habari ya Bethlehemu, una kwaya nyuma, una bezi. Kwa hesabu yangu huo ni wimbo wa Noeli, si wa msimu (tazama swali la 1).

7. Jingle Bells inahusu nini hasa?

Mashindano ya mikokoteni ya kuteleza juu ya theluji, inayokokotwa na farasi, na kijana aliyempakia msichana wakaanguka. James Pierpont aliichapisha Marekani mwaka 1857. Hakuna Krismasi ndani yake, wala Yesu, wala zawadi. Tarehe 16 Desemba 1965 wanaanga wa chombo cha Gemini 6 waliipiga kwa kinanda cha mdomo na vikengele, ikawa muziki wa kwanza kupigwa kwa ala angani.

Watoto wa chekechea waimbe, ni tuni nyepesi kwao. Kwenye misa haina kazi.

8. Tuna haja gani ya nyimbo za theluji, sisi wa pwani?

Desemba hapa ni joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa, na mvua za kwanza. Theluji yetu Tanzania iko juu ya Kilimanjaro, na watu wengi wa Mtwara hawajauona mlima huo kwa macho. Basi nilikuwa nikizichukia nyimbo hizi zote, mpaka nilipojua habari ya "White Christmas".

Mtunzi wake ni Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Bing Crosby aliurekodi mwaka 1942, na inakadiriwa nakala zaidi ya milioni 50 zimeuzwa. Wengi hawajui kwamba ulikuwa na utangulizi ambao Crosby hakuuimba. Katika utangulizi ule mwimbaji yuko California, jua linawaka, majani ni ya kijani, michungwa na miti jamii ya minazi inapepea, ni tarehe 24 Desemba, naye anatamani kwao kaskazini. Ni mtu aliye mbali na nyumbani wakati wa sikukuu, kwenye joto kama letu! Tangu nijue hivyo, naufikiria kila ninapompigia simu ndugu yangu aliyeko kikazi Mwanza, ambaye Krismasi humkuta akiulizia embe za Ndanda.

9. "Last Christmas" na ule wa Mariah Carey ni nyimbo za Krismasi kweli?

Ni nyimbo za mapenzi zilizovaa kofia ya Krismasi. "Last Christmas" ya Wham! ni ya 1984, na ilifika namba moja Uingereza kwa mara ya kwanza Januari 2021, miaka minne baada ya aliyeiandika, George Michael, kufariki siku ya Krismasi yenyewe, tarehe 25 Desemba 2016. "All I Want for Christmas Is You" ya Mariah Carey ni ya 1994, na namba moja ya Marekani iliipata Desemba 2019. Zote mbili zimetengenezwa vizuri na zote mbili zimepigwa kupita kiasi. Zipigwe ukumbini jioni ya sikukuu, vijana wacheze. Asubuhi zituache.

10. Na ule wa wasanii wa Uingereza kuhusu njaa ya Ethiopia?

Huu ndio pekee ninaouzima nikiusikia, na nitaeleza kwa nini.

"Do They Know It's Christmas?" uliandikwa na Bob Geldof na Midge Ure, ukarekodiwa London tarehe 25 Novemba 1984 na kundi la wasanii waliojiita Band Aid. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa wenye njaa, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Maneno yake ndiyo tatizo. Yanauliza kama watu wa Afrika wanajua kuwa ni Krismasi, wakati Ethiopia ina Wakristo tangu karne ya 4 na inaiadhimisha Krismasi yake tarehe 7 Januari. Yanasema huku hakuna kinachoota wala mto unaotiririka. Blue Nile inatoka Ziwa Tana, huko huko Ethiopia. Sisi hapa tuna Ruvuma, na Desemba mikorosho imejaa mashambani mpaka upeo wa macho.

Mtu aliyenisaidia na huku amenieleza vibaya kwa watoto wake, bado ana deni la kurekebisha maelezo.

## Kwaya zetu

11. Kwa nini nyimbo zilizotafsiriwa hukaa vibaya mdomoni?

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. M-TO-to. A-me-za-LI-wa. Tuni za Ulaya zilitungwa kwa lugha ambazo mara nyingi mstari huishia kwenye silabi nzito. Mfasiri akipanga maneno kwa kuhesabu silabi tu, uzito unaangukia pasipo pake, na mtoto anakuwa "mto-TO". Anayetilia shaka kuwa mkazo una maana achukue neno barabara: ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari; ukikaza mapema, ba-RA-ba-ra, ni sawasawa kabisa.

Watunzi wetu wa sasa hufanya kinyume. Mwalimu wetu wa kwaya hutamka mstari kwa sauti, mara tatu au nne, akigonga benchi kwa kidole, na tuni huanza kutokea pale pale kwenye kidole kabla hajaandika do wala re. Ndiyo maana wimbo mpya wa mtunzi wa hapa hushikwa na watoto kwa Jumamosi moja, na ule wa kitabu cha zamani huhitaji wiki tatu. Usiku Mtakatifu umepona kwa sababu mwendo wake ni wa polepole, kila silabi ina nafasi ya kupumua.

12. Ngoma kanisani usiku wa Noeli, ni sawa?

Ni sawa, na ni yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza mapokeo ya muziki ya watu yaheshimiwe. Kwa Waanglikana wa Masasi hili si geni: Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi hiyo kuanzia 1926, alijulikana kwa kuingiza mila ya jando katika maisha ya Wakristo.

Wazee wengine hunung'unika ngoma ikielekea sindimba. Nawaelewa, sindimba ina uwanja wake na kiuno chake. Lakini mdundo wa taratibu wa ngoma tatu na kayamba wakati wa Utukufu, kengele zikigongwa na mlango ukiwa wazi, hakuna kinanda kitakachofanya kazi hiyo.

13. Kila kwaya inataka Haleluya ya Handel. Ni ya Krismasi?

Hapana. Handel aliitunga "Messiah", kazi ndefu ya kwaya yenye Haleluya ndani yake, mwaka 1741 kwa siku 24, na ilisikika kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, karibu na Pasaka. Haleluya hufunga sehemu ya pili, inayohusu mateso na ufufuko. Ya Noeli iko sehemu ya kwanza.

Ikiimbwa Krismasi hakuna atakayekufa. Kinachokera ni kuianza mazoezi tarehe 10 Desemba. Tena hufika pale mahali soprano wanapanda ngazi kwa ngazi na kila ngazi inapoteza mtu mmoja. Kama hamna miezi mitatu, imbeni kitu cha kwenu.

14. Tunaweza kuimba Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua?

Ndiyo. Imbeni hata ubeti mmoja. Angalieni nyuso za wazee.

## Mambo ya pembeni

15. Majirani zangu wengi ni Waislamu. Spika iende mpaka saa ngapi?

Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, hilo ndilo hali ya kawaida, na tumekaa vizuri miaka mingi kwa sababu watu wana adabu. Azimia hivi: wakati wa adhana punguza, baada ya saa nne usiku zima, alfajiri usiwashe. Mkesha uwe kanisani, si barazani. Na kabla ya yote, mpelekee jirani sahani. Yeye alikuletea yako siku ya Idi.

16. Kuna msiba mtaani na kesho ni Krismasi. Tufanyeje?

Spika zinazimwa, hata kama ulikodi. Kanisani mnaimba kama kawaida, kwa sababu Noeli haiahirishwi, na baadaye kwaya inakwenda msibani. Usiku Mtakatifu unafaa pale. Niliwahi kuuona ukiimbwa kwa mfiwa aliyepoteza mtoto mchanga, naye mwenyewe aliuomba.

17. Wimbo umenata kichwani hautoki.

Uimbe mpaka mwisho. Mara nyingi kinachonata ni kipande tu ambacho hakijafungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliripoti mwaka 2015 kwamba kutafuna jojo hupunguza hali hiyo. Kama kinachonata kinatoka kwenye taa, tazama swali la 3.

18. Tunataka kurekodi nyimbo za Krismasi. Tunahitaji ruhusa?

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Gruber alifariki 1863, hivyo tuni ya Usiku Mtakatifu iko huru, lakini tafsiri mnayotumia inaweza kuwa na mwenyewe. Wimbo wa mtunzi wa Kitanzania aliye hai ni lazima mumwombe, na jina lake liandikwe. Nimeona kanda nzima ya kwaya bila jina hata moja la mtunzi, na mmoja wao alikuwa amekaa benchi la mbele siku ya uzinduzi.

19. Bibi yangu anaimba wimbo wa Noeli ambao haumo kwenye kitabu chochote. Nifanye nini?

Mrekodi leo, kwa simu. Muulize aliupata kwa nani, kijiji gani, na waliuimba wakati gani wa ibada. Usimkatize akisahau, mwache arudie. Kisha mpelekee mwalimu wa kwaya auandike kwa nota.

Sisi tumepata mmoja kwa njia hiyo, wa Kimakua na Kiswahili vikichanganyika, kutoka kwa bibi yule yule aliyeanzisha wimbo gizani. Ubeti wa kwanza na kiitikio tunavyo. Wa pili alikumbuka maneno mawili tu, "wachungaji" na "moto". Kama kuna mtu Nanyumbu au Lukuledi anaujua, mazoezi yetu ni kila Jumamosi saa kumi jioni.